Nyama Kutoka Ng'ambo

Muganza, tarehe 12 Novemba 2000

Papa mpendwa,

Jambo sana, na jambo kwa Mama. Hali yenu? Goti la Mama limepoa, au bado linamsumbua akipanda ngazi za parokia? Sisi huku tu wazima. Mume wangu Rutayisire anaendesha kamyo ya saruji kila siku isipokuwa Jumapili. Yeye ndiye atakayeifikisha barua hii Kamembe, kisha Maman Antoinette ataivusha darajani pamoja na vitunguu vyake. Mwambie kaka Parfait asilale na barua zangu mfukoni kama mara iliyopita.

Mvua imetupiga mwezi mzima. Mto umepanda hadi ndani ya mpunga, na maji yake ni mekundu, mazito, utadhani mlima wote umeyeyuka. Wazee wa hapa wanasema hawajawahi kuona tope la namna hii. Lakini milima ya juu mmeiona wenyewe: tangu makambi ya wakimbizi na vita hakuna mti uliobaki wa kuzuia maji.

Papa, leo nakuandikia kwa jambo la kazi. Hapa kwenye kituo cha afya nimepokea watu watatu wenye kidonda cha aina moja ambacho sijawahi kukiona. Kinaanza kama kipele kinachowasha, kinakuwa lengelenge, halafu katikati kinageuka cheusi tii, kama mtu aliyebandikwa kaa la moto. Kando kote kumevimba. Ajabu ni kwamba hakiumi. Wa kwanza ni Harelimana, anayechinja na kuuza nyama hapa sokoni. Aliniambia anacheka, "Mama Muganga, haiumi hata kidogo. Ni mududu tu aliniluma." Wa pili ni mke wake, anayeosha matumbo. Wa tatu ni mkulima wa mpunga ambaye hana habari na ng'ombe, lakini wiki iliyopita alikata mkia wa kiboko.

Maana nimesahau kukwambia: viboko watatu wamekufa mtoni. Wamevimba, damu imewatoka puani. Watu walishangilia, kwa sababu viboko hawa walikuwa wanakula mpunga wao. Wengine walibeba nyama.

Harelimana anasema ng'ombe wake siku hizi wanatoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kamanyola, na wote wana karatasi zao. Wewe ulitibu ng'ombe miaka thelathini na miwili. Niambie hiki ni kitu gani.

Ni mimi binti yako,
Charlotte


Bukavu, tarehe 19 Novemba 2000

Binti yangu Charlotte,

Nimepokea barua yako Alhamisi na nimeisoma mara mbili. Sisi wazima. Mama yako anasema goti ni lake na hataki liandikwe kwenye barua. Umeme hatuna, maji tunayo siku moja moja, bunduki tunazisikia kwa mbali. Ndiyo maisha yetu.

Ugonjwa wako naujua. Ni charbon. Kiswahili cha vitabuni wanauita kimeta. Watu unaoishi nao huko wanauita ubutaka, yaani udongo, na hao ndio walioupa jina lake la kweli. Hauruki hewani. Unakaa ardhini. Mnyama aliyekufa kwa kimeta akipasuliwa, damu yake inaingia kwenye udongo na ugonjwa unajificha humo miaka thelathini, arobaini, hata zaidi. Siku maji yanapoufukua, au jembe, unapanda na tope kwenye majani. Ng'ombe anakula majani, kiboko anakula majani, mtu anawala hao.

Kwa hiyo sikiliza vizuri. Wape wagonjwa penisilini leo, usingoje maabara. Mnyama aliyekufa ghafla na damu yake nyeusi haigandi, asipasuliwe na mtu yeyote. Achomwe alipoangukia, au azikwe mita mbili na chokaa nyingi juu. Nyama isiliwe hata ikichemshwa siku nzima. Ngozi isiuzwe. Waambie watu wa mifugo walete chanjo. Na viboko usiwaandike tena mwishoni mwa barua kama habari ya kando. Wao ndio waliowaambia ninyi kwanza.

Kuhusu ng'ombe wa ng'ambo, usijisumbue kutafuta ni wa nani na wanatoka wapi. Vita vimechanganya kila kitu, na kuna maswali yanayomletea mtu matatizo. Wewe tibu watu.

Papa yako,
Cirhuza


Muganza, tarehe 3 Desemba 2000

Papa,

Jambo. Natumaini mu wazima. Mimi mwili ni mzima, lakini naandika kwa hasira, nisamehe kwa mwandiko.

Nilifanya kama ulivyoniambia. Harelimana, mkewe na yule mkulima wamepata sindano na vidonda vinapona. Kisha nikapanda kamyo na Rutayisire hadi ofisi ya mifugo. Nilimkuta bwana mmoja anakunywa chai. Nikamweleza yote: vidonda, ng'ombe, viboko, tope. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Madame, wewe uko wa kutibu bantu. Siye tuko ba ng'ombe. Umeona ng'ombe aliyekufa?"

Nikasema nimeona viboko watatu.

"Kiboko si yetu. Kiboko ni ya bantu ba mbuga."

"Na watu wa mbuga wako wapi?"

"Huku chini? Hakuna."

Papa, nilicheka. Nilicheka mbele yake kwa sababu ningelia angefurahi. Nikaenda kwa mkubwa wangu wa afya, mtu aliyesoma, mwenye miwani. Naye akaniambia, "Charlotte, unaacha bagonjwa kituoni unaenda kufata banyama?" Nikamwambia nafuata wagonjwa wa wiki ijayo. Akasema nimlete mtu aliyekufa ndipo ataandika ripoti.

Basi, sasa ninaye.

Anaitwa Gasaro. Ana miaka tisa. Mama yake ni Mukansanga, mjane, analima mpunga nyuma ya kituo. Katika watoto wake wanne ni huyu peke yake aliyebaki naye mwaka wa tisini na nne, alimbeba mgongoni hadi ng'ambo na kurudi. Jumapili tarehe 26 ilikuwa komunio ya kwanza ya Gasaro. Mukansanga alinunua nyama kwa Harelimana. Ndiyo, Papa, kwa Harelimana, niliyemkataza kuchinja! Alisubiri kidonda kikauke, akarudi machinjioni. Nilipomwuliza kwa nini, alisema, "Huyu ng'ombe alikuwa na karatasi ya docteur. Weye uko docteur wa ng'ombe?"

Jumanne mtoto aliletwa na homa, tumbo limekaza kama ngoma. Nikamtundikia chupa ya serumu, nikampa penisilini yote aliyostahili kupewa na zaidi. Jumatano alianza kutapika damu. Alikuwa ananiomba msamaha kwa kuchafua shuka. Alhamisi asubuhi alikufa. Mama yake alikuwa amekula mchuzi tu, nyama aliwaachia mtoto na wageni. Wageni wanne wamelazwa, nafikiri watapona.

Sasa wote wamekuja. Bwana wa chai amekuja na daftari. Mwenye miwani amekuja na gari. Walisimama pale uani kila mmoja anamwuliza mwenzake kwa nini hakumpa habari. Nilikuwa na ndoo ya maji machafu mkononi, na Mungu ananijua nilitaka kufanya nini nayo.

Niombeeni.
Binti yako,
Charlotte


Muganza, tarehe 9 Desemba 2000

Papa,

Sikuulizi hali.

Jana nilikwenda kwa Harelimana nikamwambia anioneshe ile karatasi ya docteur. Alikuwa ameiweka vizuri ndani ya Biblia. Ni cheti cha afya ya mifugo, cha serikali ya zamani, kimepigwa muhuri. Kimeandikwa kwa wino wa buluu: "Nimemkagua mnyama huyu mimi mwenyewe na sikuona dalili ya ugonjwa." Muuzaji: Parfait. Aliyekagua: Cirhuza, veterineri.

Mwandiko huo ndio ulionifundisha kuandika.

Tarehe ya cheti ni 24 Novemba. Barua yako ya kunifundisha kimeta ni ya tarehe 19. Siku tano, Papa! Uliniambia nyama isiliwe hata ikichemshwa siku nzima, siku tano baadaye ukaisaini iliwe. Uliniambia nisitafute ng'ombe ni wa nani. Sasa naelewa ulikuwa unamlinda nani.

Ulikwenda Kamanyola lini kumkagua huyo ng'ombe? Na kwa miguu ipi? Mama aliniandikia mwezi wa tisa kwamba hujatoka mtaa wenu tangu Pasaka.

Mukansanga bado hajui jina lililo kwenye karatasi. Hajui kusoma. Ananiletea mboga kila asubuhi kwa sababu nilimwosha mtoto wake. Mboga hizo nashindwa kuzila na nashindwa kuzitupa.

Nijibu.

Charlotte


Muganza, tarehe 7 Januari 2001

Papa,

Ni mwezi sasa. Maman Antoinette ameniapia kwamba barua yangu alikupa mkononi, kwamba uliifungua hapo hapo mlangoni, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani bila kumpa hata maji. Kwa hiyo usiseme ilipotea.

Noeli imepita. Mwaka mpya umepita. Umenyamaza kama unavyonyamaza siku zote Parfait akifanya kitu. Alipouza baiskeli ya mjomba ulinyamaza. Alipoanza kutembea na wenye bunduki ulisema ni ujana. Ana miaka thelathini na minne!

Nakupa habari ili usiseme hukuambiwa. Viboko wengine wawili wamekufa. Mbuzi wa jirani wamekufa watano kwa siku moja. Kiboko mmoja alikwama kwenye mfereji wa mpunga, na fisi na mbwa wamemla, na mbwa hao wanalala kwenye viwanja vyetu. Watu wawili wapya wana kidonda cheusi. Bwana wa mifugo ameleta chanjo za ng'ombe mia moja, na ng'ombe hapa ni zaidi ya elfu. Anasema haelewi ugonjwa unatokea wapi, kila akisafisha hapa unarudi. Anasema labda ni maji.

Nadhani wewe unajua unatokea wapi. Ulivyoandika juu ya udongo na miaka arobaini, hukuandika kama mtu aliyesoma kitabuni.

Rutayisire ananiambia nikuache, ni baba. Nimemwambia kuwa baba si dawa ya kimeta.

Charlotte


Bukavu, tarehe 21 Januari 2001

Binti yangu,

Sina haki ya kukuuliza hali, lakini nakuuliza. Mama yako anakusalimu. Nimemsomea barua zako tatu za mwisho kwa sauti, hata ile ya tarehe 9. Ndiyo sababu nimechelewa. Ilinichukua wiki sita kuwa na ujasiri wa kumsomea mke wangu barua ya binti yangu.

Nitaandika mambo kama yalivyo.

Mwaka jana mwezi wa pili Parfait alikuja nyumbani na wanajeshi wawili. Walitaka vyeti kwa ajili ya ng'ombe waliokusanya bondeni, ili wapite mpakani bila maneno. Waliokusanya, wewe unajua maana yake. Cheti cha kwanza nilikisaini bunduki ikiwa juu ya meza, karibu na sahani yangu. Ningeweza kukwambia hivyo tu na ungenihurumia. Lakini nimesaini vyeti kumi na vitano, na hivyo vingine kumi na vinne hapakuwa na bunduki. Alikuja Parfait peke yake, na karatasi, na sukari ya Mama yako.

Umeniuliza kwa nini. Siyo njaa, ingawa njaa ilikuwapo. Charlotte, tangu serikali ianguke nilikuwa mzee wa kukaa kwenye ngazi. Watoto wa mtaa walikuwa hawajui nilifanya kazi gani. Siku ile watu walianza tena kuniita Docteur. Walibisha hodi. Walisema, "Bila sahihi ya Docteur hatupiti." Nilipiga pasi koti langu. Hiyo ndiyo sababu, na ni ndogo kiasi hicho.

Tarehe 24 Novemba barua yako ya kwanza ilikuwa mfukoni mwa koti hilo. Nilimwambia Parfait, "Kuna kimeta huko." Akasema, "Papa, hii ni ng'ombe moja tu, na iko muzima." Nikajiambia huyu mmoja labda hatoki pale. Nikasaini.

Sasa nikwambie pale ni wapi. Mwaka wa sitini na nane kimeta kiliua ng'ombe sitini na mmoja ng'ambo ya kwenu, bondeni juu ya Kamanyola. Mimi ndiye niliyetumwa. Tulichimba mashimo siku tisa, tukawamwagia chokaa hadi watu wakaanza kupaita mahali hapo Kwa Chokaa. Nilipazungushia ua wa minyaa, nikapanda mikaratusi katikati ili mizizi ishike udongo na ng'ombe wasipate majani. Kila mwaka nilirudi kukagua ua. Hata baada ya kustaafu nilimwambia aliyenifuata, naye akamwambia aliyemfuata. Halafu vikaja vita. Wakimbizi walikata mikaratusi wapikie, na siwalaumu, mtu lazima apike. Wanajeshi walikata minyaa waone mbali. Na mwaka wa tisini na tisa walichimba mahandaki hapo hapo, wakatoa mifupa. Parfait mwenyewe alinisimulia, anacheka: "Tulikuta kaburi ya ng'ombe!" Ng'ombe wao wote wa kukusanya wanalala kwenye uwanja huo. Mvua ya Oktoba ilifagia udongo wake ikauleta kwenu.

Nilijua tangu uliponiandikia habari za viboko. Nilijua tope hilo limetoka wapi kama ninavyojua uso wako.

Siombi msamaha kwa barua. Niambie nifanye nini.

Papa yako


Muganza, tarehe 28 Januari 2001

Papa,

Jambo. Mwambie Mama nampenda.

Nimesoma. Nililia, halafu nikakasirika kwa sababu nililia. Unaandika vizuri, Papa, ndiyo hatari yako. Nusu ya barua nilikuwa nakuona kwenye ngazi na koti lako, nikasahau kitanda cha Gasaro. Sitaki kusahau.

Unaniuliza ufanye nini, kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Haya, nitakwambia.

Utakwenda Kwa Chokaa. Si kuandika barua, kwenda. Utamwonesha mwenye amri pale mahali kila shimo lilipo, kwa sababu wewe peke yako uliye hai unayejua. Ukiogopa bunduki, ogopa ukiwa njiani.

Utavuka uje hapa, uwaambie bwana wa mifugo na mwenye miwani yale uliyoniambia, wote wawili kwenye meza moja, na yule wa viboko kama watampata. Usiache jina la Parfait na usiache lako. Vyeti vyote kumi na vitano, kila ng'ombe alikwenda wapi.

Halafu utakwenda kwa Mukansanga. Hilo si ombi. Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake, na wala sijui kama nimekusamehe kwa niaba yangu. Nimemwambia jina lililo kwenye karatasi. Nilimwambia Jumatano, tukiwa tunapepeta mpunga. Hakupiga kelele. Aliendelea kupepeta. Baadaye akasema, "Aje. Peke yake."

Mboga hajaleta tena tangu siku hiyo.

Binti yako,
Charlotte


Bukavu, tarehe 4 Machi 2001

Binti yangu Charlotte,

Nimefika nyumbani Ijumaa. Hali yangu ni nzuri kuliko ninavyostahili, kidonda cha mkononi nilichotoka nacho Kwa Chokaa kimekauka na ile penisilini yako nimeimaliza yote kama ulivyoamuru. Mama yako ananipikia, lakini hajasema nami neno tangu Parfait aondoke. Alichukua begi lake siku ile ile niliporudi na kumwambia nimeandikisha jina lake, wanasema ameelekea Shabunda. Alimuaga mama yake. Mimi aliniangalia tu. Mama yako hasemi nilikosea. Anaweka sahani mezani na kwenda kukaa jikoni.

Mambo ya Kwa Chokaa nilikusimulia kwa kifupi nilipokuwa kwako, acha niyaandike yawekwe. Nilidhani yule kamanda atanifukuza. Alikuwa kijana, mchafu, amechoka. Nilipoanza kusema juu ya mifupa, alinikatiza: "Mzee, hicho kidonda kinakuwa cheusi?" Askari wake watatu walikuwa wamekwisha kufa, na wenzao walikuwa wamempiga mwanamke mmoja wa kijijini karibu kumwua wakisema ni mchawi. Nilimwambia, mwachieni, mchawi ni mimi. Nikamwonesha mashimo. Ua ulikuwa haupo, lakini miguu yangu ilijua. Wameyafukia mahandaki, wamehamisha ng'ombe, na siku nne tulichoma mizoga. Lori moja la chokaa limefika, nimeomba matatu. Minyaa nimepanda upande wa mtoni tu. Kama vita vitarudi pale wataikata tena, hilo najua.

Na mkutano wa Muganza uliuona mwenyewe. Sikuwahi kuona watu wazima wawili wanaogopana hivyo kwenye benchi moja. Lakini umeona pia walivyoondoka na gari moja kwenda mtoni kuhesabu viboko. Usiwaache wapumzike. Hasira yako ndiyo iliyowakalisha pale, si maelezo yangu.

Sasa nikuandikie jambo ambalo hujui, kwa sababu uliniacha kwenye ua wa Mukansanga ukarudi kazini, na jioni uliponiuliza nilikwenda kulala.

Alinipa kiti. Yeye alikaa chini, kwenye mkeka, na mimi nikaona aibu kukaa juu yake, nikashuka. Aliacha niseme yote. Nilisema kama nilivyokuandikia, sukari, koti, kila kitu. Sijui alielewa kiasi gani cha Kiswahili changu, lakini hakuondoa macho. Nilipomaliza aliniuliza swali moja.

"Mzee, ile ng'ombe ilikuwa ya rangi gani?"

Charlotte, kwenye cheti kuna mstari wa rangi. Niliandika nyeusi. Niliandika hivyo kwa sababu kalamu ilikuwa imefika hapo na neno moja lilitakiwa. Nikamwambia, "Sijui. Sikumwona."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anangoja hilo tu. Halafu akasema, na nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia:

"Ilikuwa nyekundu. Walipita nayo hapa Jumamosi, wakaifunga pale kwenye mti wa parachichi wapumzike. Gasaro akaipelekea maji. Akarudi, ndoo bado imejaa. Akaniambia, Mama, hii ng'ombe haitaki maji. Inatetemeka. Iko mugonjwa."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na watu wanafukuza ndege kwenye mpunga.

"Na mimi nikamwambia, aca bujinga, mutoto. Docteur ameiona. Iko na karatasi."

Tulikaa hapo hapo chini, yeye na mimi, mpaka jua likaondoka uani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwangalia mwenzake.

Papa yako,
Cirhuza